Meza ya Nakala: Ushirikiano wa Dini katika Miji ya Waswahili na Funzo Lake kwa Mhakiki

Utangulizi

Mwalimu yeyote wa ushairi wa Kiswahili katika vyuo vyetu amewahi kukabiliwa na swali hili. Mwanafunzi hufungua utenzi wa kale, akakuta beti za dibaji zinazoanza kwa jina la Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume, kisha akauliza iwapo ushairi huo ni wetu sote au ni wa Waislamu peke yao. Mwenzake, aliyesoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani kabla ya kuingia shule, naye hushangaa kuona Injili imetungwa kwa bahari ya utenzi, akauliza mtunzi alipewa idhini na nani.

Maswali haya si utovu wa adabu, wala hayakomei darasani. Katika ghasia za Likoni za Agosti 1997, ambazo mizizi yake ilikuwa katika siasa na ardhi, majirani wa siku nyingi walianza kutazamana kwa shaka. Tarehe 2 Aprili 2015, katika chuo kikuu cha Garissa, washambuliaji waliwatenga wanafunzi kwa dini zao. Watu 148 waliuawa siku hiyo. Katika kipindi hicho viongozi wa misikiti, makanisa na mahekalu wamejenga mabaraza ya pamoja katika miji yetu, na Mombasa ina baraza lake la viongozi wa dini wa Pwani.

Makala haya hayakusudii kuyatathmini mabaraza hayo. Yananuia kuonyesha kwamba fasihi ya Kiswahili ina kumbukumbu yake yenyewe ya ushirikiano wa watu wa dini mbalimbali katika miji, na kwamba kumbukumbu hiyo haijasomwa ipasavyo. Dai letu ni kwamba ushirikiano huo, pale ulipofaulu, haukujengwa kwa kujadili imani wala kwa kuzichanganya. Ulijengwa kwa kazi moja, yenye kanuni zinazokubaliwa na pande zote, ambayo hakuna upande ulioweza kuikamilisha peke yake. Mfano wetu mkuu ni kazi ya kunakili na kuhariri tungo. Ndiyo maana tumezungumzia meza ya nakala. Tutaanzia Mombasa na Lamu, tupitie msamiati wa dini, kisha tufike kwa Mathias Mnyampala na tungo za kujibizana za Tanzania, kabla ya kutaja upungufu wa urithi huu.

Hati isiyosomeka bila mwenyewe

Ludwig Krapf aliwasili Mombasa mwaka 1844. Alikuja kuhubiri, na katika mwaka huohuo alianza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili akisaidiwa na kadhi wa mji, Sheikh Ali bin Mueddin. Kwa hivyo moja kati ya kurasa za kwanza za Biblia ya Kiswahili ilitokana na kikao cha mmishenari na kadhi. Historia za kanisa huitaja habari hii kwa sentensi moja, nazo historia za fasihi aghalabu huiacha. Maoni yetu ni kwamba inastahili kuwa mlango wa mjadala mzima.

Miongo minne baadaye kikao cha namna hiyo kilirudiwa katika mji uleule, safari hii kwa faida ya ushairi. William Edward Taylor, mmishenari wa Kianglikana, alizikusanya tungo za Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840. Aliyemwezesha ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwanachuoni wa Mombasa, ambaye alizitafuta tungo hizo, akazinakili na kuzifafanulia. Karatasi za Taylor zilihifadhiwa London. Kutokana nazo William Hichens alitoa Diwani ya Muyaka mwaka 1940, na Mohamed Hassan Abdulaziz wa Chuo Kikuu cha Nairobi akatoa uchunguzi wake mpana mwaka 1979. Kila tunapomsoma Muyaka leo tunapita juu ya daraja ambalo nguzo zake ni Mwislamu mmoja na Mkristo mmoja.

Ni kipi kilichowaweka pamoja? Jibu rahisi ni mapenzi ya ushairi. Jibu letu linaanzia kwenye hati yenyewe. Tungo hizi ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na herufi hizo, kama zilivyotumiwa na waandishi wengi wa zamani, hazikutofautisha sauti zote za Kiswahili. Herufi moja ya bei iliweza kusimamia b, p na mb. Alama moja ya irabu ilisimamia i na e, nyingine u na o. Neno "pembe" na neno "pimbi" yaliweza kuandikwa kwa namna moja. Anayeisoma hati ya aina hii hasomi tu, bali anakumbuka. Lazima ayajue maneno kabla ya kuyaona, azijue mizani na vina, aujue mji uliotajwa na ugomvi uliokusudiwa. Taylor alikuwa hodari wa lugha kuliko wageni wengi wa wakati wake, lakini hati ilimfungia mlango ambao ufunguo wake ulikuwa kwa Mwalimu Sikujua.

Kwa upande wa pili, Taylor alileta tabia ya kuandika kila tofauti: lahaja, matamshi, maana ya pili ya neno, tukio lililozaa shairi. Mambo ambayo kwa watu wa mji yalikuwa maarifa ya kawaida, yasiyohitaji kuandikwa, yaliandikwa kwa sababu mgeni aliuliza. Hapa ndipo tunapoiona sifa ya kwanza ya ushirikiano tunaouzungumzia. Kila upande ulikuwa na kitu ambacho mwenzake hakuwa nacho, na upungufu huo haukufichwa. Anayejua kila kitu hana haja ya kumwita jirani mezani.

Hatusemi kwamba Taylor aliacha uenezaji wa dini yake alipokaa na Mwalimu Sikujua, wala kwamba Mwalimu alilegeza chochote katika Uislamu wake. La hasha. Sifa ya pili ya ushirikiano huu ni kwamba haukudai nia moja. Ulidai uaminifu mmoja, yaani kwamba neno la Muyaka liandikwe kama alivyolisema Muyaka. Juu ya jambo hilo Mkristo na Mwislamu waliweza kusahihishana bila yeyote kuhisi kwamba dini yake imeshindwa.

Katika mji wa Lamu sifa hizi zinaonekana katika maisha ya mtu mmoja. Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mwandishi wa hati nzuri, mchonga milango na fundi wa muziki. Aliwanakilia tungo wataalamu wa Kizungu, akiwemo Hichens, Alice Werner na mmishenari wa Kijerumani Ernst Dammann, aliyekuwa Lamu katika miaka ya 1930. Utenzi wa Fumo Liyongo unaofahamika zaidi, ambao unafungamana na jina la Kijuma, umetufikia kwa njia hiyo. Wanafunzi wa Kikristo na wa Kiislamu wanaousoma Liyongo katika shule zetu wanasoma matunda ya meza hiyohiyo.

Kusoma cha mwenzio ili kumjibu

Ili tusidhani kwamba kila kitabu kilichovuka mpaka wa dini kilikuwa cha ushirikiano, tutazame mfano wa kinyume. Mwaka 1923 Godfrey Dale, kasisi wa Kianglikana aliyefanya kazi Unguja, alichapisha tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili. Tafsiri hiyo iliambatana na maelezo yaliyokusudiwa kuwafaa walimu wa Kikristo katika mijadala yao na Waislamu. Mwaka 1953 ilitoka Nairobi tafsiri ya Sheikh Mubarak Ahmad Ahmadi, ambayo pamoja na mengine iliwajibu Wakristo. Mwaka 1969, mjini humohumo, ilitoka tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, naye akaziandikia hoja za Waahmadiya majibu. Msomaji anayezifuata tafsiri hizi tatu anasikia mabishano yaliyodumu kwa karibu miaka 50, mengi yake yakiendeshwa katika tanbihi.

Ingekuwa kosa kuyadharau mabishano hayo. Yamekipa Kiswahili nathari ya hoja yenye nguvu, na mhakiki wa nathari ya Kiswahili hana budi kuyasoma. Hata hivyo ni kazi ya namna nyingine. Dale alikisoma kitabu cha jirani kwa ajili ya watu wake. Wenye kitabu hawakuketi mezani kama wasahihishaji wenye kauli ya mwisho. Tofauti kati ya tafsiri hii na diwani ya Muyaka haimo katika ujuzi wa lugha, maana Dale hakukosa ujuzi. Imo katika swali la nani ana haki ya kusema, "Hapa umekosea," na akasikilizwa.

Msamiati wa pamoja

Kazi ya mezani huacha alama katika lugha. Tukiyachunguza maneno ya dini katika Kiswahili tunaona kwamba Wakristo na Waislamu wamekuwa wakiazimana kwa kiasi ambacho wenyewe hawakikumbuki. Neno "Mungu" ni la Kibantu na ni la wote. Imani, sala, ibada, dhambi, malaika, nabii na shetani ni ya asili ya Kiarabu, na ni ya wote. Vitabu viitwavyo Zaburi na Injili katika Biblia ya Kiswahili vina majina yaleyale ambayo Kurani inavitaja kwayo.

Kuna jambo jingine linalosahauliwa zaidi. Maneno yanayotaja vitu vya Kikristo hasa, kama vile kanisa, msalaba na madhabahu, nayo yametoka katika Kiarabu. Jambo hili lisitushangaze, kwani Waarabu Wakristo walikuwapo hata kabla ya Uislamu, na wapo hadi leo. Kwa hivyo mhakiki anayehesabu maneno ya Kiarabu katika shairi ili kupima Uislamu wake anatumia mizani mbovu. Kwa mizani hiyo nyimbo nyingi za kanisani zingeonekana kuwa za Kiislamu.

Mipaka ipo pia, na tusiifute. Mmoja husema Isa, mwingine Yesu. Mmoja Yahya, mwingine Yohana. Neno "mtume" kwa Mwislamu humwelekea kwanza Muhammad, ilhali Mkristo hulitumia pia kwa wanafunzi wa Yesu. Maneno haya ni kama milango ya nyumba mbili zilizoshirikiana ukuta. Ukuta unazishikilia nyumba zote mbili, na kila nyumba ina mlango wake. Mtunzi anayeandika katika miji yetu huchagua mlango kila anapolitaja jina. Uchaguzi huo ni suala la kifasihi linalostahili kuchunguzwa, badala ya kupitwa kwa kisingizio kwamba ni mambo ya dini.

Utenzi wa Mkatoliki

Hapa ndipo tunapomfikia Mathias Mnyampala (1917–1969), Mgogo wa Dodoma, Mkatoliki, hakimu kwa kazi yake. Mwaka 1963 alitoa Utenzi wa Enjili Takatifu, na mwaka 1965 Utenzi wa Zaburi. Tungo hizi hazijapata nafasi kubwa katika uhakiki. Wengine huziona kuwa mafundisho ya dini yaliyovishwa vina, na wengine huona kwamba bahari ya utenzi imehamishwa mahali pasipokuwa pake. Maoni haya mawili yanafanana kwa jambo moja: yote yanachukulia kwamba umbo ni mali ya dini.

Tukiutazama utenzi kwa jicho la fani, tunachokiona ni kanuni: vipande vinne, mizani minane katika kila kipande, vipande vitatu vya kwanza vyenye kina kimoja, na kipande cha nne chenye kina cha bahari kinachoshikilia utungo mzima tangu mwanzo hadi mwisho. Kanuni hizi zilikuzwa na Waislamu wa miji ya Pwani, na ukweli huo usifichwe. Lakini kanuni ina tabia ya kumpokea kila anayeitii. Mwaka 1954 Sheikh Amri Abedi, Mwislamu wa Ahmadiya ambaye baadaye mwaka 1960 alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, alitoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Umuhimu wa kitabu hicho kwa mada yetu ni kwamba kiliziweka hadharani sheria za sanaa. Kijana wa bara, wa dini yoyote, asiyekuwa na babu malenga, aliweza kuzijifunza na kupimwa kwazo.

Ndiyo maana hatukubaliani na wanaouona utenzi wa Mkatoliki kuwa unyang'anyi. Mnyang'anyi hubadilisha alama za alichokichukua ili kisitambulike. Mnyampala aliyabakiza hata majina: "utenzi", "enjili" na "zaburi" yote yanatambulika kwa Mwislamu kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Aliikopa nyumba akakiri kwamba ameikopa, kisha akakaa ndani yake na imani yake.

Kwa misingi hiyohiyo tunautazama upya mjadala wa zamani kuhusu asili ya ushairi wetu. Jan Knappert, katika kitabu chake cha 1967 kuhusu ushairi wa jadi, alizisoma tenzi kama kioo cha Uislamu wa Afrika Mashariki. Ibrahim Noor Shariff katika Tungo Zetu (1988), na tena yeye na Alamin Mazrui mwaka 1994, walisisitiza upana wa tungo za Waswahili na maisha ya Kiafrika yaliyozizaa. Tunaegemea upande wa hawa wa pili, lakini kwa tahadhari. Ushairi hauwi wa wote kwa kunyamazia dini ya waliouasisi. Huwa wa wote pale ambapo wa dini nyingine wanaingia wakijua wameingia kwa nani.

Ngonjera na majibizano

Mnyampala anatupa jambo jingine la kufikiria. Yeye ndiye anayehusishwa na kuzuka kwa ngonjera, na Ngonjera za UKUTA, zilizopewa jina la chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, zilichapishwa kuanzia mwaka 1970. Katika ngonjera watu wawili au zaidi hubishana kwa beti, mmoja akiwa hajaelewa, mwingine akimwelewesha, hadi mwisho wakubaliane. Kwa mtazamo wa haraka huu ndio mfano bora wa maelewano: hoja, subira, kisha mapatano.

Sisi tuna shaka. Mapatano ya ngonjera hutangulia mabishano yake. Tangu ubeti wa kwanza hadhira hujua nani atashawishika. Utungo wa namna hii unafaa kuhimiza kilimo au elimu ya watu wazima. Ukihamishiwa kwenye uhusiano wa dini, mmoja anafanywa mjinga anayengoja kuelimishwa. Mikutano ya amani inayoandaliwa baada ya ghasia huwa katika hatari hiyohiyo. Watu huitwa, husomewa azimio lililokwisha kuandikwa, hupigwa picha wakishikana mikono, kisha kila mtu hurudi mtaani na shaka yake.

Mfano bora zaidi tunauona katika majibizano ya washairi, yale aliyoyafanya Muyaka katika Mombasa ya wakati wake na ambayo baadaye yalipata ukumbi katika kurasa za Mambo Leo, gazeti lililoanzishwa Tanganyika mwaka 1923. Anayejibu mara nyingi hufuata bahari na vina vya mwenzake. Anaweza kumpinga kwa kila neno, lakini hampingi bila kumsikiliza kwa makini, kwa sababu kina chake kinategemea kina cha mpinzani. Hakuna anayelazimika kushindwa. Kinachodaiwa ni kwamba jibu liwe shairi, yaani litii sheria ambayo wote wawili wameikubali. Heshima ya aina hii inawezekana hata pale ambapo makubaliano hayawezekani, na kati ya dini mbili zinazotofautiana kwa dhati yapo mambo ambayo makubaliano hayatawezekana.

Upungufu wa urithi huu

Uaminifu unatutaka tuseme pia palipopungua. Kwanza, meza haikuwa sawa. Mmoja aliketi akiwa na chombo cha uchapishaji nyuma yake, na katika nyakati nyingine dola nyuma ya chombo hicho. Karatasi zinaitwa za Taylor. Jina la Sikujua linapatikana ndani, kwa anayelitafuta. Ushirikiano usiotaja majina yote hugeuka kuwa mali ya mmoja, na katika mambo ya dini dhuluma ya namna hii hukumbukwa kwa vizazi.

Pili, meza ilikuwa na viti viwili tu. Wamijikenda wenye makaya, ambao Mombasa haijapata kuwa bila wao, hawakualikwa kama watu wenye dini bali kama watu wa kuhubiriwa. Wahindi wa madhehebu mbalimbali, ambao mahekalu na misikiti yao imo katika mitaa ya mji, hawasikiki katika historia hii ya tungo. Tatu, wengi wa walioketi walikuwa wanaume, ingawa lugha iliyokuwa ikinakiliwa ililelewa pia na wanawake, na Utenzi wa Mwana Kupona ni ushahidi tosha. Anayetaka kujenga ushirikiano wa leo kwa mfano wa zamani hana budi kuongeza viti kabla ya kuikaribisha hadhira.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba ushirikiano wa dini katika miji ya Waswahili una historia ya kifasihi, na kwamba historia hiyo ina masharti: kazi ya pamoja inayohitajiana, kanuni inayojulikana na wote, haki ya kila upande kusahihisha, na tofauti inayoachwa isimame. Pale sharti la kusahihishana lilipokosekana, kama katika tafsiri ya 1923, kilichopatikana kilikuwa majibu juu ya majibu.

Kwa uhakiki na ufundishaji mambo matatu yanafuata. Dibaji za tenzi zisirukwe darasani. Zisomwe, na mwanafunzi anayeijua Kurani awe mwalimu wa wenzake kwa saa hiyo, kama vile mwanafunzi anayeijua Biblia atakavyokuwa mwalimu tutakapofika kwa Mnyampala. Matoleo mapya ya tungo za kale yataje kwa majina walionakili na waliofafanua, na majina hayo yawe kwenye jalada. Aidha, idara zetu ziwape wanafunzi wa dini mbalimbali hati moja waihariri pamoja, kwa sababu hati yenye "pembe" inayoweza kuwa "pimbi" huwalazimisha watu kuulizana.

Sasa tunaweza kuwajibu wanafunzi wetu wawili. Kwa wa kwanza tunasema: ushairi huu uliasisiwa na Waislamu wa Pwani, nawe umekaribishwa, basi ingia kwa kubisha hodi. Kwa wa pili tunasema: huyu alibisha hodi, akaitii sheria ya nyumba. Yaliyobaki baina yenu ni ya kujibizana kwa vina.